Meza ya Jumapili

Blackpool
Jumapili, 14 Septemba 1986

Mdogo wangu Meinwen,

Nianze na salamu, maana najua barua isiyo na salamu wewe unaitia jikoni kuwashia moto. Huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko watu wa redio. Doreen anakusalimu na anauliza zile keki za kikaango unazitia siagi au mafuta ya nguruwe, kwa sababu zake zinatoka ngumu kama soli na mlaji ni mimi. Taa za pwani zimeshawashwa, wageni wamejaa, na mtaa mzima unanuka samaki wa kukaanga. Vipi kifua cha shemeji Handel? Bado anaimba sauti ya chini kwaya, au amebaki kufungua mdomo tu wenzake waimbe?

Sasa nikwambie kilichonikalisha mezani leo. Kuna jarida moja la snuka, huu mchezo wetu wa fimbo na mipira ya mezani, limetuandikia wazee wote tuliocheza kwa kulipwa. Wanataka kila mmoja ataje watu wawili: mchezaji aliyekamilika kila upande kuliko wote aliowahi kuwaona, na mchezaji mwenye kipaji cha kuzaliwa kuliko wote. Nimepata fununu kwamba wenzangu wengi wamenitaja mimi kwenye lile la kwanza. Usicheke. Wanasema Ithel Prosser anashambulia, anajihami, anasubiri, hatetemeki, na ameshinda katika kila aina ya ukumbi kwa miaka thelathini. Kwenye lile la pili wote wamemtaja Darryl Tench, yule kijana wa London mwenye nywele za kufunika macho, anayepiga mpira kabla hujamaliza kukaa.

Mimi kwenye lile la pili nataka kuandika jina lako.

Nimekuwa nikiziwaza zile Jumapili wiki nzima. Baba na funguo zake za Jumba la Wachimbaji kiunoni, na sisi wawili nyuma yake, eti tumekuja kumsaidia kufuta vumbi na kuzoa majivu. Mama yuko kanisani ng'ambo ya ukuta, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba kiasi kwamba tulisikia mchungaji akimeza mate. Baba anapiga brashi kitambaa cha meza, anakipiga pasi, halafu anakwenda zake kuvuta kiko kwenye chumba cha makaa, na meza inabaki yetu. Unakumbuka tulivyotia soksi zake za mgodini ndani ya mashimo ili mipira isigongane? Wakiimba wimbo, tunapasua rundo la nyekundu kwa nguvu zetu zote. Mchungaji akianza kuhubiri, tunapiga kwa kunong'ona, na atakayetoa sauti amepoteza zamu. Mahubiri yalikuwa ya saa nzima, Meinwen. Mimi nilijificha pembeni, naupeleka mpira mweupe taratibu nyuma ya mwingine, kwa sababu niliogopa kelele. Wewe ulizamisha moja baada ya nyingine, na kila mpira uliingia shimoni bila kugusa popote, kama mtu anayerudi kwake na viatu mkononi.

Watu wanasifu kujihami kwangu. Hawajui nilijifunza kwa kumwogopa mchungaji. Na tangu siku zile nimecheza na mabingwa wa dunia, sijaona tena mkono kama wako. Nipe ruhusa niliandike.

Kaka yako,
Ithel


Cwmhelyg
2 Oktoba 1986

Kaka Ithel,

Siagi. Nusu siagi na nusu mafuta, na amwambie kikaango kisiwe cha moto sana. Msalimu sana Doreen na umpe pole kwa kuolewa na mlalamishi.

Handel hajambo. Kifua kinamkera asubuhi, ikifika saa nne anapata nafuu, na siku ya kwaya anapona kabisa. Mtaani kumepoa. Tangu mgodi ulipofungwa wanaume wanashinda dirishani kama paka. Nettie wa nyumba ya pili amepata kazi kiwanda cha soksi, na mumewe sasa ndiye anayepika, kwa hiyo familia imekonda. Na Jumba nalo linakwenda. Kamati imeshindwa kuliendesha, litafungwa majira ya kuchipua na vitu vyake viuzwe. Meza inakwenda hotelini, sijui hoteli gani, watalii waiwekee bilauri juu yake. Nilipita pale Ijumaa nikasimama nje. Sikuingia, kwani ningeingia kufanya nini?

Kuhusu hilo jarida lako: usithubutu.

Kwanza unamvua nguo Baba kaburini. Mtunza funguo aliyewaachia watoto wake meza siku ya Bwana, na binti yake akiwamo. Wazee wa kanisa bado wako hai wengine, na ninakaa nao benchi moja. Pili, Handel hajui kwamba nimewahi kushika fimbo maishani mwangu, na sitaki alisome kwenye jarida kwa kinyozi. Tatu, umezeeka na umeanza kulia ovyo. Ulikuwa na umri wa miaka kumi na sita, mimi kumi na minne. Kila kitu ni kizuri ukiwa na miaka kumi na minne. Usinivike kilemba cha ukoka mbele ya dunia nzima.

Mwandike huyo Tench. Nimemwona kwenye televisheni. Anajua.

Vaa soksi nzito.
Meinwen


Preston
16 Novemba 1986

Mpendwa Meinwen,

Nakuandikia kutoka hotelini, na kwa karatasi yao, ndiyo maana ina picha ya kasri ambayo mimi sijaiona humu. Mmelala salama? Doreen amebaki nyumbani na mafua. Keki zimekuwa laini, nashukuru. Bado hajakubali kwamba kikaango ndicho kilichokuwa na kosa.

Labda uliniona jana. Tench amenipiga tisa kwa tatu. Nimeshindwa mara nyingi, lakini jana nilikaa kwenye kiti changu nikinywa maji glasi baada ya glasi kama mtu anayesubiri basi. Nilimfichia mpira mweupe nyuma ya ule wa kahawia, mahali ambapo mtu wa kawaida angeomba radhi akae. Akainama, akaugongesha ukingoni mara tatu, akazamisha nyekundu. Hakufurahi hata. Watu wakasimama. Nikajikuta nami napiga makofi.

Tulipopeana mikono akaniambia, "Mzee, leo umenipa kazi."

Nikamwambia, "Kazi gani, mwanangu? Umemaliza chai yangu haijapoa."

Akacheka. Ni kijana mzuri, wala hana majivuno. Baadaye tuliketi pamoja nikamuuliza anaonaje mipira anapoinama. Akasema haoni chochote, anajua tu. Jibu hilo nililisikia kwetu Cwmhelyg mwaka 1948. Nilikuuliza swali lilelile, na ulinijibu vilevile, ukanisukuma nikupishe.

Basi nikuulize, na unijibu sawasawa. Zile sababu zako tatu nimezisoma mara nyingi. Baba hawezi kuaibika, nusu ya wazee wa kanisa walikuwa wakicheza kamari mlango wa nyuma na funguo alikuwa nazo yeye. Handel atacheka siku mbili kisha atajisifu mwaka mzima. Na mimi si mtu wa kulia ovyo. Kuna sababu nyingine hujaisema.

Jambo lingine. Mostyn Pask ameniandikia kwa niaba ya kamati. Wanataka nije kucheza siku Jumba litakapofungwa, Jumamosi ya tarehe nne Aprili, mchezo wa mwisho kwenye meza ile kabla haijabebwa. Raundi tano, atakayefikisha tatu ndiye mshindi. Mpinzani nimchague mwenyewe, yeyote nimtakaye. Nimemjibu kwamba nitakuja na mpinzani nimeshampata. Jina sijamtajia.

Unajua ni nani.

Ithel


Cwmhelyg
21 Novemba 1986

Ithel,

Sote wazima.

Mtafute mwingine. Mwanamke haruhusiwi kuvuka ule mstari mweupe wa mlangoni, na unaujua, ulivuka mwenyewe mara elfu ukiniacha upande wa pili. Sitaki kuzungumza habari hii tena.

Meinwen


Blackpool
18 Januari 1987

Mpendwa Meinwen,

Krismasi imepita bila kadi yako. Tangu niondoke nyumbani hilo halijapata kutokea, hata mwaka ule posta walipogoma. Doreen aliweka kadi za watu wote juu ya meko akaacha nafasi katikati. Huku theluji imefunga barabara, sijatoka siku kadhaa. Goti linauma. Mjukuu ameota meno mawili na anang'ata kila mtu isipokuwa paka.

Nimeisoma tena ile barua yako fupi. Uliponiambia nilivuka mara elfu nikakuacha upande wa pili, nilikasirika kwanza. Nikasema, sheria sikuitunga mimi. Kisha nikakumbuka siku nilipofikisha miaka kumi na minane. Baba alinipeleka mbele ya kamati nikapewa kadi ya uanachama, tukapigiwa makofi, na wewe ulikuwa jikoni kwao, umevaa aproni, unakata mikate ya sherehe yangu. Jumapili iliyofuata sikuja tena. Sikuhitaji kuja kwa kujificha, nilikuwa na kadi. Sikujiuliza hata mara moja kama wewe ulikuja.

Sikuombi ucheze. Niandikie tu, hata uwe unanitukana.

Ithel


Cwmhelyg
1 Februari 1987

Kaka Ithel,

Nisamehe kadi. Niliinunua, ikakaa kwenye droo, kila nilipotaka kuiandika mkono ukagoma. Msalimu Doreen na umwambie nafasi ya juu ya meko aiache, nitatuma hata kama ni Februari. Sisi tuko salama. Theluji ilifika madirishani, Handel akachimba njia hadi bomba la maji huku akiimba, na wote mtaani wakalazimika kumsikiliza.

Jumapili ile nilikuja. Baba akafungua, akapiga meza brashi, akaniangalia, akaniambia, "Leo mwenzio hayupo, binti, nenda kanisani ukakae na mama yako." Hakuwa mkali. Nadhani aliona aibu kuniacha nicheze peke yangu, kana kwamba ilikuwa mchezo ukiwa na kaka na wazimu ukiwa bila yeye. Nikaenda. Nilisikiliza mahubiri yote na ng'ambo ya ukuta kulikuwa kimya. Basi, nikawa mwanamke wa kanisa.

Unataka sababu. Nitakwambia, na ukimwambia mtu nitakukana.

Tangu mlipoanza kuonyeshwa kwenye televisheni nimewashinda nyote. Napiga pasi mashati ya Handel, nimeegemea ubao, na ninyi mko pale na vizibao vyenu vinavyong'aa. Kila mnapoinama najua mnakosea. Najua ningepiga wapi na mweupe ungesimama wapi. Nimemshinda bingwa wa Kanada. Nimekushinda wewe fainali zako zote, Ithel, na moja nilikushinda huku nina homa. Nina mikono hii ya kufulia, nina mume anayekohoa, nina mtaa uliokufa, lakini hicho ninacho. Kwamba kama wangeniachia, hakuna ambaye angenigusa.

Sijashika fimbo tangu mwaka 1950. Wewe unataka nije mbele ya Mostyn Pask na wenzake nijue kama ni kweli. Nikikosa mpira wa kwanza, na wa pili, nitarudi nyumbani na nini? Nitampigia Handel pasi nikiwaza nini?

Kipaji changu hakijawahi kushindwa kwa sababu hakijawahi kucheza. Niachie hivyo hivyo. Naogopa, Kaka, na ndiyo sababu yenyewe.

Meinwen


Blackpool
10 Februari 1987

Mdogo wangu,

Kadi imefika na imekaa juu ya meko peke yake, tena Doreen ameiwekea mshumaa. Sote wazima.

Sitamwambia mtu. Lakini kwa kuwa umenifungulia moyo wako, nami nikufungulie wangu.

Nina vikombe kwenye kabati hadi Doreen amekataa kuvifuta. Kila ninapoitwa mchezaji aliyekamilika naitikia, natabasamu, na moyoni nasema hawakumwona Meinwen. Mimi nilijifunza kila kitu kwa shida. Nilijifunza kusubiri kwa sababu sikuweza kuzamisha. Nilijifunza kupiga kwa mkono wa kushoto majira mazima ya baridi, kwenye ukumbi wa baridi kama machinjio. Nilijifunza hata kushindwa. Siku zote nimedhani huo ndio ukamilifu wa watu wasio na kipaji, kama mtu mfupi anayebeba ngazi kila aendako. Nimeshinda mataji sijui kama niliyashinda, au kama niliyaokota kwa kuwa aliyestahili alikuwa jikoni anakata mikate.

Kwa hiyo wewe unaogopa kujua na mimi naogopa kujua. Mmoja wetu atajua kitu kibaya, na hata ikiwa ni mimi nataka nikijue kabla goti halijanikalisha. Umri wangu ni miaka hamsini na minne. Sina mahali pengine pa kuuliza.

Nakutumia kifurushi. Ni fimbo yangu ya akiba, nyepesi, nimeipunguza kidogo urefu. Usipoitaka, itunze. Sitauliza tena.

Ithel


Cwmhelyg
15 Machi 1987

Kaka Ithel,

Kifurushi kilifika zamani, nilikuwa nafikiri. Doreen aendelee kunywa ile dawa ya kitunguu, mafua yasigeuke kifua, na hapa mmoja mwenye kifua anatosha. Mvua imeyeyusha theluji yote na mto umejaa.

Handel alikipokea yeye. Akanipa akaniambia, "Kaka yako amekutumia fimbo ya kuvulia samaki." Nikamketisha nikamweleza yote, kanisa, soksi, kila kitu. Akacheka. Akaniangalia, akaona sicheki, akaacha kucheka, akaenda kuchemsha maji. Alirudi na chai ameitia sukari vijiko vitatu, mimi ambaye sinywi sukari, akasema, "Miaka thelathini na mbili nalala na mtu simjui." Kisha akauliza, "Ulikuwa unamshinda kweli?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ithel yule wa kwenye televisheni?" Nikasema hatuna mwingine.

Kuna ukumbi mji wa chini ambako hakuna anayetujua. Kila Jumanne ananipeleka, anakaa pembeni na gazeti ambalo haligeuzi. Siku ya kwanza nilikosa kila kitu. Kila kitu, Ithel. Niliutazama mpira mwekundu ulionyooka na shimo nikaukosa kwa upana wa kidole. Nikaenda chooni nikafunga mlango. Handel akagonga akasema tumelipia saa mbili na yeye hawezi kuzicheza. Basi nikatoka. Jumanne ya tatu, mkono ulirudi. Si wote, ila ulirudi, na nikausikia ukirudi, sijui nikuelezeje. Nilizamisha wa waridi shimo la kati, haukugusa popote, na hakuna aliyeona isipokuwa mume wangu, naye hajui alichokiona.

Wiki hii nimekwenda kwa Mostyn Pask nyumbani kwake.

"Mostyn," nikamwambia, "mpinzani wa Ithel ni mimi."

Akachungulia nyuma yangu kama nimekuja na mtu. "Mpinzani wa nini, Meinwen?"

"Wa kuimba. Wa nini tena? Wa snuka."

"Sikiliza, mama. Sheria ya Jumba ni sheria. Mwanamke havuki ule mstari."

"Jumba linafungwa siku hiyohiyo. Ukishafunga mlango, hiyo sheria utaipeleka wapi? Utamsomea mkeo kitandani?"

"Na kitambaa je? Ukikichana?"

"Kitambaa kile nimekipiga pasi mimi wewe hujaota hata ndevu moja. Unajua baba yangu, Dai Funguo, alikuwa anakwenda kuvuta kiko saa ngapi?"

Mke wake akacheka kule jikoni, akasema, "Mostyn, mwache dada wa watu acheze, na nyie wanaume mkafie mbele." Kamati ilikaa jana. Wamekubali kwa tofauti ya kura moja. Wanasema ni kwa heshima yako, si yangu. Sijali.

Sharti ni moja. Ucheze kama unavyocheza na Tench. Ukiniachia hata mpira mmoja nitaujua, kwa sababu hakuna anayekujua mkono kuliko mimi, na sitakufungulia mlango wangu tena hadi nife. Nimesema.

Meinwen


Blackpool
12 Aprili 1987

Mpendwa Meinwen,

Tulifika salama. Doreen amelala safari nzima. Natumaini na ninyi mko salama, maana uliondoka bila kuniaga. Nilipomaliza kupeana mikono na wale wazee nikageuka, hupo, na Handel hayupo. Mke wa Mostyn, maana sasa yule mama ndiye mwenyekiti, aliniambia umetokea mlango wa jikoni.

Imepita wiki nzima sasa, sijasikia neno. Silali vizuri.

Nilikutii. Mungu anajua nilikutii. Raundi ya kwanza ulianza vizuri, mkono umetulia, nikaona ukumbi mzima umeinama mbele. Nikakufungia mweupe nyuma ya ule mweusi. Ukajaribu, ukakosa. Nikakufungia tena. Mara ya nne mtu mmoja nyuma akazomea, akasema, "Ithel, mwonee huruma dada yako, mjinga wewe." Nilisikia uso ukiwaka moto. Nilikutazama, ukanitazama, ukatikisa kichwa kidogo hivi, kunikataza. Nikaendelea. Nimewahi kucheza mbele ya maelfu, sijawahi kucheza mchezo mgumu kama ule wa kumbana dada yangu mbele ya watu wa nyumbani.

Raundi ya pili ndiyo siwezi kuisahau. Nilikuachia mwanya, si kwa makusudi, mkono wangu uliteleza kwa mara moja tu jioni ile. Ulichukua nyekundu, mweusi, nyekundu, wa buluu, ukaenda, ukaenda. Hakuna aliyepumua. Nilikaa kwenye kiti nikajikuta nasubiri wimbo wa kanisani uanze. Kila mpira uliingia kimyakimya, vilevile. Machozi yalinitoka mbele ya Mostyn Pask na sikuyafuta. Kisha ukajikuta huna pa kwenda, ukajaribu lisilowezekana, na mimi nikasimama nikazamisha yote iliyobaki mezani.

Tatu kwa sifuri. Nilipata jibu langu, Meinwen, na sijui nilifurahi au vipi. Nilishinda kweli. Lakini najiona kama niliyekunyang'anya kile ulichonacho, kile ulichoniambia.

Jarida wananidai majina. Nimeshaandika lako kwenye karatasi, sijalituma. Niambie nifanye nini. Niambie kitu chochote.

Kaka yako,
Ithel


Cwmhelyg
20 Aprili 1987

Kaka yangu Ithel,

Lala. Mimi nalala. Handel pia, na kwa sauti. Leo ni Jumatatu ya Pasaka na nimeoka mikate miwili ya zabibu, mmoja wenu, nitautuma kesho. Meza ilichukuliwa Alhamisi. Waliitoa vipande vipande, na yale mawe ya chini ya kitambaa yalihitaji wanaume sita. Nilivuka mstari nikasimama nikaangalia, hakuna aliyenizuia.

Niliondoka kwa sababu nililia, na sikutaka unione nikilia uharibu mkono wako kwa mechi zijazo. Nisikufiche, nililia kwa uchungu. Nilitaka kushinda. Niliingia pale nikiamini nitashinda. Garini, tulipofika darajani, Handel akasema, "Raundi ya pili ile, mke wangu." Hakuweza kumaliza.

Lakini baadaye nilikaa nikaipitia yote, kama ninavyofanya nikipiga pasi, na safari hii ubao wa pasi haukunisaidia. Kwenye televisheni sijawahi kuuona mchezo wako. Naona unajificha, nasema Ithel anaogopa kelele kama kawaida yake. Nilipokuwa mbele yako ndipo nilipouona. Kila nilipogeuka ulikuwa umeshafika. Ulijua nitakachojaribu kabla sijajaribu, na ulinifungia taratibu, bila hasira, na sikuwa na jibu hata moja, kwa sababu zile Jumapili hazikunifundisha kujibu. Zilinifundisha kuzamisha tu. Wewe unasema ni ngazi ya mtu mfupi. Acha upuuzi. Nilikuwa na kipaji, na bado ninacho, uliona. Ukubwa ni kitu kingine, na huo ni wako, na uliuchuma kwa mikono yako. Hakuna taji uliloliokota. Nimekuwa nikikushinda sebuleni miaka yote hii bila haki, na naomba unipokee nikikwambia: unacheza vizuri, Kaka. Hakuna niliyemwona anacheza kama wewe.

Na mimi je, ningeufikia ukubwa huo nikipewa kadi na yale majira yako ya baridi? Sijui. Hilo nitaendelea kulikasirikia, na si kosa lako peke yako, na halitafutika kwa jarida.

Kuhusu majina. Kwenye kipaji mwandike Tench. Mimi usiniandike hapo. Hapo ni mahali pa kusema angeweza, na wangejua, na laiti. Nimekaa huko miaka thelathini na saba na nimepachoka.

Kama hao watu wa jarida wana ukurasa wa matokeo, nao najua wanao, yale maandishi madogo ya mwisho, nataka uwaandikie hivi na usiongeze neno: Cwmhelyg, Jumamosi tarehe 4 Aprili 1987. Ithel Prosser 3, Meinwen Beynon 0.

Waache waandike kwamba nilishindwa. Hawawezi kuandika hivyo juu ya mtu ambaye hakucheza.

Dada yako,
Meinwen